DAWA ZA MITI NA VIDUDU SUGU: SOMO KUTOKA KIBAHA NA KISARAWE



Msimu wa karafuu ukaribiapo, barua zifikazo ofisini kwetu huwa za namna tatu: za bei, za majamvi, na za wachumaji walioanguka. Safari hii imezidi namna ya nne. Wanachama wa matawi mbalimbali wametuuliza kama ni kweli kwamba mafuta ya karafuu na dawa za miti huweza kuua vidudu vya maradhi ambavyo dawa za hospitali zimeshindwa kuviua. Wengine wameongeza kwamba jamaa zao walioko Kibaha na Kisarawe, upande wa bara, hutibu vidonda na majipu kwa magome na majani, nao wauliza: sisi tulio na mti wenye nguvu kama mkarafuu, kwa nini tusifanye vivyo hivyo, tena tukauza dawa badala ya kuuza karafuu tupu?

Swali hili ni jema, na lastahili jibu kamili, si neno la ndiyo au la siyo. Ndani yake mna afya ya wachumaji wetu, mna jina jema la zao letu, na mna maisha ya watoto. Kwa hiyo tumelitengenezea somo. Twawaomba makatibu wa matawi walisome kwa sauti mkutanoni, ili na wale ambao macho yao yamechoka wapate kusikia.

1. VIDUDU NI NINI

Vidudu tunavyovizungumzia hapa ni bakteria. Ni viumbe vidogo mno visivyoonekana ila kwa hadubini. Si vyote vilivyo adui. Vingine hukaa matumboni mwetu tangu utotoni vikatusaidia, vingine huozesha majani shambani yakawa mbolea. Huko huko Kibaha kuna kiwanda, kilichojengwa kwa ushirikiano na nchi ya Cuba na kufunguliwa mwaka wa 2015, ambacho kazi yake ni kuzalisha bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu. Basi tusidhani kwamba kila kidudu ni cha kuuawa.

Lakini wako waletao madhara. Mmoja ni stafilokokasi, akaaye juu ya ngozi na puani. Ngozi ikiwa nzima hana neno. Ngozi ikipasuka huingia, na hapo ndipo huja usaha, jipu na homa. Mwingine ni E. koli, mkazi wa matumbo, ambaye akipotea njia huleta maradhi ya mkojo, na akiingia katika damu ya mtoto mchanga huweza kumwua.

Jambo la kushika katika sehemu hii ni upesi wao wa kuzaana. Mahali penye joto na chakula, E. koli mmoja hugawanyika akawa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Fanyeni hesabu: kwa saa 8, yaani tangu mchumaji apande mtini asubuhi hata ashuke alasiri, mmoja aweza kuwa zaidi ya milioni 16. Kwa sababu hiyo kidonda kilichoonekana kidogo jana, leo chaweza kuwa jambo kubwa.

2. NAMNA VIDUDU VINAVYOKUWA SUGU

Mwaka wa 1928 daktari Alexander Fleming wa London aliona kuvu iliyoota kwa bahati katika kisahani chake imeua bakteria waliokuwa kando yake. Katika kuvu ile ndimo ilimotoka penisilini. Fleming alipopewa Nishani ya Nobel mwaka wa 1945, alionya katika hotuba yake kwamba mtu akitumia dawa hii kidogo kuliko ipasavyo atawazoesha bakteria wasiogope tena. Onyo lile halikukawia kutimia. Mwaka wa 1959 ilitolewa dawa mpya, methisilini, ili kuua stafilokokasi wasiosikia penisilini. Na mwaka wa 1961 huko Uingereza wakaonekana stafilokokasi wasioisikia methisilini nayo.

Mkulima ataelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini. Ukipalilia shamba nusu nusu, ukang'oa magugu laini na kuyaacha yenye mizizi mirefu, mvua ijapo hayo yenye mizizi mirefu ndiyo yatakayojaza shamba. Hukuyafundisha wewe kuwa na mizizi mirefu. Yalikuwa nayo, wewe umewaondoa jirani zake tu. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyeandikiwa vidonge vya siku saba akaviacha siku ya tatu kwa kuwa homa imeshuka. Waliokufa ni wale dhaifu.

Vidudu sugu vina hila zake. Vingine hutoa kimeng'enya kinachoikata dawa kama panga likatavyo kamba. Vingine hubadili kile kitu mwilini mwao ambacho dawa hukishika, dawa ikakosa pa kushika. Vingine vina kitu mfano wa pampu katika ngozi yao, na kila dawa iingiapo huitoa nje kama mvuvi atoavyo maji katika ngalawa. Na ubaya zaidi ni kwamba kidudu chaweza kumpa jirani yake hila hiyo, hata kama si wa ukoo mmoja.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka wa 2001 na 2002, watafiti walichunguza watoto 1,828 waliolazwa kwa homa. Wale ambao damu yao ilikutwa na bakteria wa kundi lenye ngozi mbili, ambamo E. koli yumo, walikufa karibu 44 katika kila 100. Waliokuwa na malaria walikufa 20 katika kila 100. Tena watafiti wale waliona kwamba usugu wa vidudu ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyozidisha vifo. Kwa dunia nzima, hesabu ya mwaka wa 2019 yakadiria kwamba watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya usugu wa bakteria.

3. KIBAHA NA KISARAWE

Sasa twende bara. Wilaya za Kibaha na Kisarawe zimo katika Mkoa wa Pwani, nazo zapakana na Dar es Salaam. Mji wa Kibaha uko kiasi cha kilometa 40 kutoka Dar es Salaam katika barabara ya Morogoro. Kisarawe uko ng'ambo ya vilima vya Pugu, penye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Atokaye Pemba akifika misitu ile atakumbuka Ngezi, na atokaye Unguja atakumbuka Jozani.

Wenyeji wengi wa huko ni Wazaramo, na waganga wao wamesifika tangu zamani. Zao lao kubwa la miti ni korosho, kama letu lilivyo karafuu. Kibaha, kwa kuwa iko karibu na soko la mji mkubwa, ina wafugaji wengi wa kuku. Pia pana Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka wa 1963 kwa msaada wa nchi za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Norway, Sweden na Finland. Ndani yake yalianzishwa skuli, chuo cha wakulima, na kituo cha afya kilichokuja kuwa Hospitali ya Tumbi. Hospitali hiyo hupokea majeruhi wengi wa ajali za barabara ya Morogoro.

Kwa hiyo mahali pamoja mna mambo yote ya somo letu: mna vidonda, mna kuku wanaotiliwa dawa katika maji ya kunywa, mna maduka ya dawa kando ya njia, na mna misitu yenye miti ya dawa na watu waijuao.

Elimu hii ya miti haikuachwa ipotee. Mwaka wa 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, na mwaka wa 1991 kikawa taasisi kamili. Katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, watafiti wake, Chhabra, Mahunnah na Mshiu, walichapisha mfululizo wa makala juu ya mimea ya tiba ya mashariki ya Tanzania, upande ambao Kibaha na Kisarawe zimo. Waganga waliulizwa ni mti gani, ni sehemu gani ya mti, hutengenezwa vipi, na hutibu nini. Mwaka wa 2002 Serikali ikatunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na waganga wakawekewa baraza lao na utaratibu wa kuandikishwa.

Tutaje miti miwili tu ya upande ule.

Wa kwanza ni mjafari, mti wenye miba minene katika shina. Mizizi na magome yake hutumiwa kwa homa, kifua na maumivu ya meno. Ndani ya gome la mzizi imo kemikali iitwayo kelerithrini, ambayo katika maabara huua bakteria wa namna nyingi, stafilokokasi akiwamo. Lakini kemikali hiyo hiyo huziua na chembe hai za mwili wa binadamu ikizidi kiasi.

Wa pili ni mkorosho wenyewe. Kila aliyebangua korosho ajua kwamba maji ya ganda lake huunguza mikono. Katika maji hayo imo asidi ya anakadi, na watafiti wa miaka ya 1990 walionyesha kwamba humzuia stafilokokasi, hata yule sugu asiyesikia methisilini. Mkulima wa Kisarawe, basi, hutupa gandani kitu ambacho maabara hukitafuta. Lakini ni nani atakayeipaka juu ya kidonda cha mtoto? Kiuacho kidudu na kiunguzacho mkono ni kitu kimoja.

Hapo ndipo lilipo fundo la somo lote. Kuua bakteria si kazi ngumu. Moto huwaua, na chokaa huwaua. Kazi ngumu ni kumwua bakteria na kumwacha mwenye mwili.

4. DAWA YA MTI HUPIMWAJE

Wengi husikia redioni kwamba mti fulani umethibitishwa kuua vidudu, wakadhani kazi imekwisha. Yafaa tujue hatua zilivyo.

Hatua ya kwanza, mtafiti huchukua gome au jani, hulikausha kivulini, hulisaga, kisha huliroweka katika spiriti ili nguvu zake zitoke. Spiriti hiyo huvukizwa, ikabaki nta nzito. Hiyo ndiyo dondoo ya mti. Angalieni kwamba dondoo hii si sawa na maji ya kuchemshia majani nyumbani, kwa kuwa viko vitu visivyotoka kwa maji ila kwa spiriti.

Hatua ya pili, bakteria hupandwa juu ya agari, kitu kama uji ulioganda kinachotolewa katika mwani wa namna fulani, jamaa ya mwani tulimao hapa visiwani. Hapo huwekwa vipande vya karatasi vya mviringo vilivyotiwa dondoo. Kesho yake, dondoo ikiwa na nguvu, huonekana duara tupu kuzunguka karatasi, bakteria hawakuota. Duara hilo ndilo litangazwalo magazetini.

Hatua ya tatu ni kupima kiasi. Dondoo huzimuliwa mara kwa mara mpaka ujulikane ule uchache wa mwisho unaoweza kuzuia bakteria. Hapa ndipo miti mingi hushindwa.

Hatua ya nne ni kupima sumu. Huko Muhimbili hutumia sana vijiduvi vidogo vya maji ya chumvi: vikifa upesi katika dondoo kidogo, dalili si njema. Kisha hufuata panya, na ini na figo zao hutazamwa.

Hatua ya tano ni kujaribu kwa watu, kwa ruhusa yao na chini ya madaktari, kundi moja likipewa dawa mpya na kundi jingine dawa ya kawaida, ili ipatikane tofauti ya kweli. Hatua hii huchukua miaka na fedha nyingi. Miti iliyofika hatua ya pili ni mamia kwa mamia. Iliyovuka ya tano kwa maradhi ya bakteria ni adimu mno. Mpaka leo dawa za hospitali za kuua bakteria, za sindano na za kumeza, nyingi asili yake ni kuvu na bakteria wa udongoni, na nyingine zimetengenezwa na wataalamu wa kemia. Hakuna hata moja katika zilizo mashuhuri iliyotoka katika gome au jani.

5. HESABU YA KARAFUU

Sasa turudi kwetu. Mkarafuu, mzambarau, mpera na mkaratusi ni wa ukoo mmoja. Karafuu kavu hutoa mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Makonyo hutoa asilimia 5 au 6, na majani 2 au 3. Mafuta ya makonyo ndiyo yatolewayo katika kiwanda chetu cha Pemba. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eugenoli, nayo ndiyo yenye harufu, ukali na ganzi. Waganga wa meno duniani huichanganya na unga wa zinki wakaziba jino kwa muda. Hiyo ni dawa iliyothibitika, nasi twaweza kujivunia.

Tena ni kweli kwamba eugenoli huua bakteria. Hutoboa ngozi yao, vitu vya ndani vikavuja. Katika maabara imewaua stafilokokasi na E. koli, hata walio sugu. Hadi hapa wanaosifu wana haki.

Lakini tupige hesabu, maana sisi ni watu wa mizani. Ili kumzuia stafilokokasi katika maabara, eugenoli yahitajika kiasi cha miligramu 1 katika kila mililita. Penisilini, kwa stafilokokasi asiye sugu, yatosha chini ya hapo mara maelfu. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5, yaani mililita 5,000. Ili damu yake tu, tukiacha nyama na mifupa, ifikie kiasi kile, atahitaji miligramu 5,000 za eugenoli, sawa na kijiko kimoja cha chai. Wataalamu wa chakula wa Umoja wa Mataifa wameweka kiasi kisichodhuru kuwa hadi miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 basi ni miligramu 150. Gawanyeni 5,000 kwa 150: mtapata mara 33 na zaidi ya kiasi cha salama.

Na kuzidisha huko si mchezo. Mwaka wa 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa kiume wa miaka miwili aliyekunywa mafuta ya karafuu mililita 5 hadi 10. Alizimia, akashikwa na degedege, na ini lake likadhurika. Aliponea chupuchupu. Ndugu wanachama, katika nyumba zetu ngapi kuna chupa ndogo ya mafuta juu ya rafu, mtoto akiifikia?

Juu ya kidonda nako yafaa hadhari. Mafuta matupu huunguza nyama mbichi, na nyama iliyoungua ndiyo chakula cha vidudu. Msimu uliopita, katika tawi moja, mchumaji kijana alichomwa mguu na kijiti alipoteleza. Wenzake, kwa nia njema, walimtia mafuta ya karafuu, na juu yake wakanyunyiza unga wa kapsuli za rangi mbili walizozifungua. Ganzi ikamfanya aseme kwamba amepona. Siku ya tisa alipopelekwa kwa daktari, mguu umevimba hadi gotini. Mguu haukukatwa, twamshukuru Mungu, lakini alikosa msimu mzima, na nyumbani kwake palikosa chakula.

Tulitazame tukio lile vizuri. Mafuta yaliondoa maumivu, na maumivu ndiyo mjumbe awaambiaye watu waende hospitali. Unga wa kapsuli ulikuwa kidogo mno kuua vidudu vyote, lakini ulitosha kuua vile dhaifu. Ndiyo palizi ya nusu shamba tuliyoisema.

6. JE, MITI HAINA FAIDA?

Msomaji asidhani twaidharau elimu ya wazee. La hasha. Tutoe mifano miwili ya kutia moyo.

Katika China, Bibi Tu Youyou na wenzake walisoma vitabu vya kale vya tiba, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakatoa katika mmea mmoja wa jamii ya pakanga dawa ya malaria iitwayo artemisinini. Mwaka wa 2015 akapewa Nishani ya Nobel. Malaria hailetwi na bakteria, lakini somo ni lile lile: elimu ya wazee ilionyesha mlango, na kazi ya maabara ikaufungua. Tukumbuke pia kwamba vimelea vya malaria vilivyoanza kuizoea dawa hiyo vimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na katika Mkoa wetu wa Kagera. Dawa kuwa na asili ya mti hakuizuii kuzoeleka.

Mfano wa pili ni wa mwaka wa 2000. Watafiti wa Marekani waliuchunguza mmea mmoja wenye kemikali iitwayo beberini. Beberini peke yake ni dhaifu, kwa kuwa stafilokokasi huitoa nje kwa ile pampu tuliyoitaja. Lakini waliona kwamba mmea una kitu cha pili, ambacho peke yake hakiui kidudu hata kimoja. Kazi yake ni kuziba pampu. Vikiwa pamoja, kidudu hufa. Hapa kuna tumaini kubwa. Huenda faida ya miti ya Kisarawe, na ya mkarafuu pia, isiwe kuchukua mahali pa dawa za hospitali, bali kuzisaidia zile za zamani zirudishe nguvu. Wanaochunguza eugenoli pamoja na antibaiotiki wameona katika maabara kwamba mara nyingine dawa kidogo hutosha panapokuwa na eugenoli. Lakini hiyo bado ni maabara, si wodi.

Na jambo moja zaidi lawahusu wakulima hasa. Dawa lazima iwe sawa leo na kesho. Gome la mti wa bondeni si sawa na la mti wa kilimani, na la masika si sawa na la kiangazi. Nani ajuaye hayo kama si mkulima? Sisi hupanga karafuu kwa daraja, twajua ukavu wake kwa kuivunja kidoleni. Siku miti ya dawa itakapohitajika kwa wingi, watakaohitajiwa ni watu waliozoea daraja na mizani. Tena gome likichunwa mti mzima kwa kuzunguka, mti hufa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeumia vya kutosha kwa mkaa. Mti uliokwisha hautoi dawa ya aina yoyote.

7. YATUPASAYO MSIMU HUU

Kwa hayo yote, twawashauri wanachama kama ifuatavyo:

(a) Mchumaji akijeruhiwa, kidonda kioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi, na apelekwe kituo cha afya siku ile ile ikiwa kidonda ni kirefu au kimeingia udongo au kijiti. Aulizwe juu ya sindano ya pepopunda.

(b) Mafuta ya karafuu yasitiwe ndani ya kidonda kibichi, wala yasinywewe na mtu yeyote kama dawa. Chupa iwekwe mahali pasipofikiwa na watoto.

(c) Kapsuli zisifunguliwe na kunyunyizwa juu ya kidonda. Dawa ya kumeza imalizwe siku zote zilizoandikwa, wala mtu asimgawie jirani masazo yake.

(d) Mwanachama afugaye kuku asitie unga wa antibaiotiki katika maji kila wiki kwa ajili ya kinga tu. Atumie kwa ushauri wa mganga wa mifugo, na asiuze mayai wala nyama kabla siku zilizoandikwa hazijapita. Vidudu vilivyozoea dawa bandani huja mezani kwa mikono yetu.

(e) Mgonjwa atumiaye dawa ya mti amwambie daktari bila haya, na daktari mwema hatamcheka. Na mganga wa kweli aonapo homa haishuki au wekundu unapanda kutoka kidondani, humpeleka mgonjwa hospitali.

(f) Mtu yeyote asiuze mafuta kwa jina la Chama akidai kwamba yatibu vidudu sugu. Jina la karafuu ya visiwa hivi limejengwa kwa miaka mingi na wanunuzi waliokuta ndani ya gunia kile walichoambiwa. Mtoto mmoja akidhurika kwa chupa yenye jina letu, hatutaweza kulirudisha kwa maneno.

8. MASWALI YA KUJADILI MATAWINI

1. Kwa nini palizi ya nusu shamba ni mfano mzuri wa kuacha dawa kabla ya siku zake?
2. Duara tupu katika kisahani cha maabara latuambia nini, na halituambii nini?
3. Ikiwa mtoto wa kilo 12 hapasi kupata zaidi ya miligramu 2.5 za eugenoli kwa kila kilo kwa siku, jumla yake ni ngapi? Linganisheni na kijiko cha chai cha miligramu 5,000.
4. Tawi letu lina mpango gani wa kumfikisha hospitali mchumaji aliyeanguka? Nani ana chombo, na nani atalipa mafuta yake?

Swali la nne ndilo tutakalolifuatilia. Kila tawi lituletee jibu lake kwa maandishi kabla mchumo haujaanza, likiwa na majina ya watu wawili watakaoshughulika. Yale matatu ya kwanza hufungua akili. Hili la nne huenda likaokoa mguu wa mtu.

Wenu katika kazi,
KATIBU